Kabla ya Divock Kulikuwa na Okoth

Ajenti alikuja kwetu Jumamosi moja saa nane mchana, jua la Kisumu likiwa limekaa juu ya mabati kama mtu asiye na haraka. Alivaa tracksuit mpya na viatu vyeupe ambavyo sijui alivilinda vipi na vumbi la Manyatta. Mama alimpikia chai. Alikula mandazi mawili, akafuta mikono, kisha akataja bei: laki mbili na nusu. Visa, tiketi, malazi ya wiki tatu, na “karatasi nyingine ndogo ndogo”. Mdogo wangu angeenda Ulaya kufanya majaribio na klabu ambayo jina lake angetuambia tukishalipa nusu.

Mdogo wangu ana miaka 19. Anacheza winga ya kulia, na akikimbia na mpira hata mimi, ambaye nimekuwa mtu wa basketi tangu shule ya upili, husimama. Siku hiyo hakusema kitu. Alikuwa ameshikilia kikombe kwa mikono miwili.

Halafu ajenti akatoa simu, akatuonyesha video. Anfield, tarehe 7 Mei 2019. Liverpool walikuwa wamefungwa tatu bila kule Barcelona, na sasa wanaongoza tatu kwa mkondo wa pili. Trent Alexander-Arnold anaenda kwenye kona, anajifanya anaondoka, anageuka na kuupiga haraka. Mabeki wa Barcelona wamelala. Divock Origi hajalala. Nne bila.

“Huyu ni kijana wa kwetu,” ajenti akasema. “Damu ni ileile. Mtoto wa nyoka ni nyoka.”

Alipoondoka, Mama alikusanya vikombe bila kusema lolote. Baba alikaa kimya hadi jioni. Najua alichokuwa anahesabu: kuna kipande cha shamba kijijini, na kuna jirani ambaye amekuwa akikiulizia. Tulipomaliza kula omena ndipo alipofungua mdomo.

“Wuoda,” aliniambia mimi, si mdogo wangu, “yule mtu ametuonyesha mtoto. Mbona baba yake hakumtaja?”

Ndio maana ninaandika hii. Nilidhani ningemjibu Baba kwa dakika tano na bundle ya shilingi ishirini. Imenichukua wiki kadhaa.

Kwanza, majina. Mtu yeyote aliyekulia upande huu wa ziwa anajua kwamba majina yetu ni taarifa ya habari ya siku tuliyozaliwa. Oduor ni wa usiku wa manane. Okoth amezaliwa mvua ikinyesha, koth. Ukisimama Kondele jioni ukaita “Okoth!” watageuka watu kumi na boda boda wanne. Divock, yule wa Anfield, jina lake kamili ni Divock Okoth Origi. Alizaliwa Ostend, mji wa pwani ya Ubelgiji, tarehe 18 Aprili 1995. Sijui kama siku hiyo mvua ilinyesha. Okoth wake ni jina alilorithi. Mvua yenyewe ilikuwa ya baba yake, Mike Okoth Origi, aliyezaliwa Novemba 1967.

Na kabla ya Mike kulikuwa na kaka mtu, Austin Oduor.

Hapa Baba hahitaji intaneti. Alikulia na redio, na sauti ya Leonard Mambo Mbotela anaijua kama ya mjomba wake. Mwaka 1979 alikuwa kijana Gor Mahia ilipofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika na kuchapwa na Canon ya Yaoundé mbili bila Nairobi, kisha sita bila kwao. Hadi leo ukitaja Yaoundé anatingisha kichwa. Kwa hiyo mwaka 1987 Gor ilipofika tena fainali ya kombe lilelile, sasa likiitwa Kombe la Mandela huku Mandela mwenyewe akiwa bado gerezani, Baba alikuwa na sababu ya kuogopa.

Wapinzani walikuwa Espérance ya Tunis. Kule kwao, sare ya mbili mbili. Baba alipanda treni ya usiku kutoka Kisumu, siku zile treni bado ilikuwa treni, akafika Nairobi asubuhi na kwenda moja kwa moja Kasarani. Tarehe 5 Desemba 1987. Peter Dawo alifunga. Mechi iliisha moja moja, na magoli ya ugenini yakaipa Gor ubingwa. Nahodha aliyelipokea kombe alikuwa beki, Austin Oduor. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta nyumbani kombe la bara tangu siku hiyo. Miaka inaenda, na Baba bado anaisimulia kwa wakati uliopo: “Dawo anaruka… Oduor anainua…”

Sasa sikiliza. Kwa watu wa umri wa Baba, familia ya Origi ina siku yake, na siku hiyo ni ya Oduor. Kwa watu wa umri wangu ina dakika zake, na dakika hizo ni za Divock: dakika ya 88 pale Maracanã mwaka 2014, akiwa na miaka 19, alipoifungia Ubelgiji goli pekee dhidi ya Urusi katika Kombe la Dunia, dakika ya 79 pale Anfield, dakika ya 87 pale Madrid, Juni 2019, alipoifungia Liverpool goli la pili katika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Tottenham. Kati ya siku ya mmoja na dakika za mwingine kuna mtu aliyecheza mpira miaka mingi sana, na ambaye sisi hatuna picha yake hata moja vichwani mwetu. Huyo ndiye Mike Okoth.

Nilianza kupanga miaka yake kwenye karatasi, na karatasi ikaanza kufanana na tiketi za basi. Shabana, Kisii, saa chache tu kwa matatu kutoka hapa. Kenya Breweries, timu tunayoiita Tusker leo. Kisha Omani. Kumbuka hilo: kabla ya Ulaya, Omani, nchi ambayo Kiswahili kinasikika hadi sokoni Muscat, na ambako vijana wa Kenya wanaenda hadi leo kutafuta kazi, wengi wao bila mpira. Ndipo mwaka 1992 akafika Ubelgiji, klabu ya Boom, mji mdogo uliojulikana kwa matofali. Alikuwa anakaribia miaka 25. Si kinda wa miaka 17 aliyegunduliwa na skauti mwenye miwani ya jua. Alikuwa mtu mzima aliyekuwa ameshaifanya kazi hii kwa miaka katika ligi mbili.

Mwaka uliofuata akaenda Ostend. Huko ndiko Divock alikozaliwa. Mwaka 1996, Harelbeke. Mwaka 1998, Genk.

Genk panahitaji kusimama kidogo. Ulikuwa mji wa migodi ya makaa ya mawe, na baada ya vita vya pili vya dunia Ubelgiji ilipokosa watu wa kushuka chini ya ardhi, ilitia saini mkataba na Italia mwaka 1946. Waitaliano wakaja kwa maelfu. Baadaye wakaja Waturuki, Wamoroko na wengine. Migodi ilipofika ukingoni miaka ya 1980, mji ukabaki na watu wa kila aina na klabu mbili za mpira, Winterslag na Waterschei, ambazo ziliungana mwaka 1988 kuwa klabu moja. Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1999, Genk ikachukua ubingwa wa Ubelgiji kwa mara ya kwanza katika historia yake. Katika kikosi hicho alikuwepo Okoth wetu, miaka 31.

Nilipomwambia Baba hivyo, aliniangalia kama mtu aliyerudishiwa pesa aliyosahau kuwa anadai. “Bingwa wa Ubelgiji? Mwaka huo nilikuwa nasikiliza redio kila siku. Mbona sikusikia?”

Swali hilo ndilo lililonikamata. Mbona hakusikia?

Jibu la kwanza ni televisheni. Ligi ya Ubelgiji haikufika sebuleni kwetu wakati ule, na hata leo haifiki sana. Jibu la pili linauma zaidi. Harambee Stars ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1988, 1990 na 1992. Kisha haikuonekana tena hadi 2004, Tunisia. Miaka kumi na miwili. Ukiiweka hiyo kando ya karatasi yangu ya tiketi, utaona kwamba ndiyo miaka ya Boom, Ostend, Harelbeke na Genk. Okoth aliivaa jezi ya Stars tangu mwanzo wa miaka ya 1990, lakini ubora wake wote uliangukia ndani ya shimo. Nchi haikuwa na jukwaa la kumwonyesha kwa watu wake. Hakuna aliyemsahau kwa kusudi. Hatukupewa nafasi ya kumkumbuka.

Nimesema mimi ni mtu wa basketi, na hapa naomba ruhusa nitoke nje ya ziwa kidogo. Kocha aliyenifundisha alikuwa na mazoea ya kututajia jina moja kila tulipolalamika kwamba magoti yanauma: Dino Meneghin. Tulidhani ni mchezaji wa kubuni wa kutuogopesha. Kumbe yupo. Mwitaliano, senta, mzaliwa wa Januari 1950. Alianza ligi kuu na Varese mwaka 1966 na kustaafu mwaka 1994 akiwa na miaka 44. Ubingwa wa Italia mara 12. Kombe la mabingwa wa Ulaya mara saba: tano na Varese, mbili na Olimpia Milano, mwaka 1987 na 1988. Yaani mwaka uleule Oduor anainua kombe Kasarani, Meneghin, miaka 37, alikuwa ameshainua lake.

Mwaka 1990 alikutana uwanjani na mpinzani wa miaka 16 aliyeitwa Andrea Meneghin. Mwanawe. Baba anacheza Trieste, mtoto anacheza Varese, ile timu ambayo baba aliijenga jina. Ukitafuta picha ya mtu aliyedumu, hiyo ndiyo picha.

Kocha alitumia hadithi hiyo kutufundisha nidhamu: lala mapema, kula vizuri, usicheze na goti. Sawa. Lakini nikiiweka Varese kando ya karatasi ya Okoth naona kitu kingine. Meneghin hakuwahi kutoka Italia. Atlanta Hawks walimchagua mwaka 1970, hakuenda. Miaka 28 aliicheza katika klabu tatu, zote ndani ya nchi moja, kwa sababu nyumbani palikuwa na ligi inayolipa. Varese ya enzi zake za kwanza ilibeba jina la Ignis, kampuni ya mafriji ya eneo hilohilo. Mafriji yakiuzwa, mishahara inalipwa. Mwili wake ulikuwa wa chuma, ndiyo, lakini chuma hicho kilikuwa na mahali pa kukaa.

Okoth naye alikuwa na mwili. Mahali pa kukaa ndipo alipolazimika kupatafuta, mkataba baada ya mkataba. Hata sheria hazikuandikwa kwa ajili yake. Desemba 1995, akiwa Ostend, mahakama ya Ulaya ilitoa uamuzi wa kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji hukohuko, kwamba mkataba ukiisha mchezaji yuko huru kuondoka bila klabu kudai pesa. Lakini uhuru huo ulikuwa wa raia wa Umoja wa Ulaya. Mtu mwenye pasipoti ya Kenya alibaki kutegemea miguu yake na kibali chake. Na bado miaka mitatu baadaye alikuwa Genk, na mwaka mmoja baada ya hapo alikuwa bingwa. Katika mji wenye watoto wa wachimba migodi wa Kiitaliano, Mjaluo akapata friji yake.

Na huko ndiko tunakorudi kwa nyoka na mtoto wa nyoka.

Ajenti alisema ni damu. Mimi naona ni anwani. Divock aliingia akademia ya Genk akiwa mtoto mdogo sana, kwa sababu baba yake alikuwa Genk. Alikua karibu na nyasi nzuri, kwa makocha wanaolipwa, na nyumbani alikuwa na mtu anayejua jinsi ya kusoma mkataba na anayejua jeraha la kweli na la uongo. Aliondoka kwenda Lille akiwa na miaka 15, Liverpool wakamnunua 2014. Kipaji chake sikipunguzi hata kidogo. Lakini kile kinachoonekana kwenye video kama sekunde mbili za akili pale kwenye kona kilianza kulipiwa Kisii katika miaka ya 1980, kikalipiwa Muscat, kikalipiwa Boom. Ajenti alikuwa anatuuzia kwa laki mbili na nusu kitu ambacho familia hiyo ilikinunua kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hata mtoto mwenyewe ameonja ugumu wa kudumu. Mwaka 2022 alihamia AC Milan, mji uleule ambao Meneghin alizeekea ndani ya jezi, na mambo hayakumwendea. Dakika unaweza kuzipata ghafla. Miaka ni biashara nyingine.

Niliyasoma haya yote kwa mdogo wangu Jumapili moja, tumekaa Dunga tukiangalia mashua zikirudi. Nilitegemea anishukuru. Alikasirika.

“Kwa hivyo unaniambia nikae tu?”

“Sijasema ukae.”

“Okoth alianzia Shabana, sawa. Ligi ya wakati huo si watu walikuwa wanajaza uwanja? Wewe unajua wachezaji wangapi wa ligi wanadai mishahara saa hii? Unaniambia nianzie wapi, bro?”

Sikuwa na jibu, na bado silo kamili. Yuko sahihi. SuperSport ilijitoa kwenye ligi ya Kenya mwaka 2017. SportPesa ikafuata 2019. Mwaka 2022 FIFA ilitufungia kwa miezi tisa kwa ajili ya ugomvi wa nani anaongoza shirikisho. Pale Mamboleo tumejengewa uwanja mpya, Uwanja wa Jomo Kenyatta, ulioanza kutumika Madaraka Dei ya 2021, na ni mzuri, lakini uwanja si mshahara. Ngazi ambayo Okoth aliipanda ilikuwa na kipago cha kwanza hapa nyumbani. Kijana wa leo akiangalia chini haoni kipago, anaona ajenti. Sitamlaumu kijana kwa kumsikiliza mtu pekee aliyekuja kumtafuta.

Nilichomwambia ni hiki tu: Okoth hakulipa ili achezeshwe. Katika kila kituo kwenye ile karatasi, alikuwa ni mtu aliyetoka kucheza mahali fulani ambapo watu walimwona. Ajenti wetu hakuwahi kumwona mdogo wangu akicheza. Hata mechi moja. Alimwona kwenye picha ya WhatsApp.

Alinyamaza muda mrefu. Mashua moja ikafika, akina mama wakaanza kubishana bei ya ngege.

“Hata nafasi ninayocheza hakuuliza,” akasema hatimaye.

Shamba halikuuzwa. Ajenti alipiga simu mara tatu, mara ya nne akamtukana Mama, kisha namba ikazimwa. Mdogo wangu anafanya mazoezi na timu moja ya ligi ya chini saa kumi na mbili asubuhi, nauli anajilipia, na hajanisamehe kabisa. Kuna asubuhi anapita mlangoni kwangu bila kunisalimia, viatu vimefungwa pamoja shingoni. Inawezekana nimemwokolea laki mbili na nusu. Inawezekana pia miaka kumi ijayo atanikumbusha siku ile ya Dunga kwa namna ambayo sitaipenda. Historia haikunipa uhakika wowote juu yake.

Baba naye ameniomba ile karatasi yenye vituo vya Okoth. Ameibandika ukutani kando ya kalenda, chini ya picha yake ya zamani akiwa na skafu ya kijani, Kasarani, Desemba 1987. Kwenye nafasi tupu kati ya 1992 na 2004 ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi zake za zamani zilizonyooka: “Alikuwa anacheza.”

Juzi mvua ilinyesha usiku, ile ya ziwani inayopiga mabati hadi huwezi kusikia redio. Asubuhi uwanja wa mazoezi ulikuwa bwawa. Nilidhani mdogo wangu angerudi kulala. Alikunja suruali, akaenda.